Homa ya Barua ya Sita

Kikohozi kilitoka ndani ya bati la biskuti lililokuwa juu ya kabati la vyombo, alfajiri, kabla ya taa kuwashwa. Kilisikika mara mbili kikanyamaza, kisha kikaja cha tatu, kirefu, cha kuanzia chini kabisa.

Mke alikuwa ameshaamka. Zamu yake ya kupiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali ilianza saa kumi na mbili, na wakati huo alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, akitafuta kandambili kwa vidole vya miguu asije akamwamsha mtoto. Akatulia, akasikiliza. Upande wa pili wa pazia mama mkwe wake akasema, "Ni mwanangu huyo."

"Nimemsikia, mama."

"Marehemu baba yake naye alikuwa hivyo hivyo. Anaanza kama lori bovu linalokataa kuwaka. Hebu washa taa."

Waliliteremsha bati wakalifungua juu ya meza. Ndani mlikuwa na barua sita za kijana kutoka kambi ya mafunzo, zimepangwa kwa tarehe. Ya sita, iliyofika Ijumaa, ndiyo iliyokuwa ikikohoa. Kila ilipokohoa, karatasi ilinyanyuka katikati kama shuka ambalo mtu amejikunyata chini yake, halafu ikalala. Mke aliitoa akaiweka peke yake juu ya sahani, akazifunika zile tano zisiambukizwe. Kisha akaisoma tena kwa sauti, kwa kuwa mama mkwe hakujua kusoma.

"Ama baada ya salamu, mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwenu tu. Chakula tunapata cha kutosha. Wakubwa wetu wanatulea kama wazazi. Mwili umekuwa chuma. Msiwe na wasiwasi wowote."

"Anasema ni mzima," mke alisema.

"Anasema," mama mkwe alijibu. "Na kifua nacho kinasema."

Mtoto alikuwa ameshasimama, kidevu kikiwa kimeegemea ukingo wa meza. Alikuwa na miaka mitano, na mtaa mzima ulimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo. "Baba amebanwa humo?" aliuliza.

"Hajabanwa. Ana mafua."

"Sasa si mumpe maji?"

Bibi yake alichovya kidole kwenye kikombe, akagusa pembe ya karatasi. Barua ikameza.

Vita vilikuwa vimeingia mwaka wa pili. Kijana alikuwa fundi baiskeli, umri wake miaka ishirini na mitatu, mwenye banda lake dogo nyuma ya soko. Alichukuliwa Jumamosi moja pamoja na wenzake kumi na mmoja wa mtaa huo, wakapakiwa kwenye lori, wakaambiwa ni mafunzo kwanza, halafu mstari wa mbele. Kambi ilikuwa wapi, hakuna aliyeambiwa. Anwani yake ilikuwa namba ya sanduku la posta, basi. Tangu hapo barua ilifika kila Ijumaa, na kila barua ilisema ni mzima.

Ya kwanza ilikuja ikitetemeka kidogo, kama mgeni yeyote. Ya tatu ilikuja na malengelenge kwenye pembe zote nne, kwa ajili ya buti na mwendo mrefu. Mama mkwe, ambaye alishona vifungo vya sare nyumbani kwa mkataba na aliijua sindano kuliko alivyoujua uso wake, aliyatoboa moja moja kwa sindano iliyopitishwa kwenye moto, akayaosha kwa maji ya chumvi. Ya tano ilikuwa imekonda. Ukiishika dirishani, uliona nyumba ya jirani kupitia mbavu zake.

Hilo halikuwa jambo la nyumba yao tu. Barua ya mtoto wa kinyozi ilichechemea, na kinyozi aliiwekea kiberiti chini ya upande mmoja ili ipumzike. Barua ya mtoto wa fundi mwashi ilikuja na alama mgongoni, ndefu, ya upana wa mkanda, yenye mraba mdogo mwishoni pale palipogonga chuma cha mkanda. Watu walipeana dawa kupitia ukutani. "Una mafuta ya kuchua huko? Wa kwangu leo hakuweza hata kukunjuka." Waliongea kwa sauti ya kawaida, jinsi watu wanavyoongea habari za meno ya watoto.

Mke alikuwa akiijibu kila barua kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa ameanza masomo ya jioni kwa sababu hiyo hasa. Mwezi wa kwanza alijifunza barua ya kirafiki, mwezi wa pili barua rasmi, na mwalimu alisema mwandiko wake ungeweza kutundikwa ukutani. Aliuliza kama soksi zimefika. Aliuliza kama bado anamwota yule mbwa aliyemkimbiza utotoni. Hakuna barua iliyowahi kujibu swali lolote. Alidhani ni ule usahaulifu wa wanaume.

Jumatatu hiyo aliporudi kazini saa nane mchana, sahani ilikuwa ya moto. Mama mkwe alikuwa ameiweka barua mapajani juu ya taulo, na Chiriku alikuwa akiipepea kwa kifuniko cha sufuria. Kikohozi kilikuwa kimepungua, lakini karatasi ilipumua haraka haraka, na pumzi ilikuwa na mkwaruzo.

Walimwita nesi, jirani wa mlango wa tatu, ambaye ndio kwanza alikuwa ametoka zamu. Aliweka kipima joto kwenye mkunjo wa barua, akahesabu kwa saa yake, akakitazama.

"Thelathini na tisa na nusu." Akainama, akaweka sikio kwenye aya ya kwanza, kisha ya pili. "Mapafu. Huku kushoto kumejaa maji. Analala kwenye sakafu yenye unyevu, huyu, na bado wanamkimbiza. Mdogo wangu, hapa hakuna cha chai ya tangawizi. Anatakiwa hospitali, sindano, leo kama si jana. Akipata dawa ndani ya wiki hii atapona, bado ni kijana. Asipopata, mimi sitaki kusema."

"Nifanye nini usiku huu?"

"Shusha joto. Mfute kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kama unavyomfuta mtoto. Asubuhi nenda ofisi yao."

Mke alifanya alichoambiwa, kwa namna alivyokuwa akifanya kwa Chiriku kila alipopata homa. Alianza juu, kwenye paji la barua, akashuka taratibu, akakamua kitambaa, akarudia, akiimba kwa pumzi tu. Joto lilishuka. Thelathini na nane, kisha thelathini na saba na nusu. Barua ilipumua vizuri, na mama mkwe alisema, "Mungu akubariki, mwanangu, una mikono." Wote watatu walilala.

Kulipokucha waliona kwamba maji yalikuwa yameondoka na wino wa juu. Tarehe haikuwepo tena, na muhuri wa kambi ulikuwa umebaki ukungu wa zambarau usio na herufi hata moja.

Ofisi ya Mawasiliano ya Familia ilikuwa na madirisha manne na benchi moja refu. Kwenye dirisha la tatu alikaa karani mnene mwenye miwani, ambaye watu walimwita Bwana Muhuri, kwa kuwa aligonga muhuri hata kwenye karatasi ya kufungia karanga. Hakuwa mtu mkali. Alijibu salamu kila mara.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Shida?"

Mke alifunua taulo. "Mume wangu anaumwa sana huko kambini. Nesi amesema ni mapafu. Naomba apelekwe hospitali."

Bwana Muhuri alipitisha mgongo wa mkono juu ya karatasi. "Naam. Ana homa kweli." Akazisogeza faili zake mbali kidogo, akatoa kitambaa akajifunika pua, akasoma. "Lakini mwenyewe anasema ni mzima."

"Anasema, mzee. Lakini si unaona?"

"Naona. Tatizo barua haina tarehe. Sasa nitajuaje ameugua lini? Pengine ni ugonjwa wa mwaka jana."

"Mwaka jana alikuwa nyumbani akiziba pancha. Tarehe niliifuta mimi, nilikuwa nashusha joto."

"Umefuta waraka wa jeshi," alisema Bwana Muhuri kwa upole, kama anayemwambia mtu kwamba kifungo chake kimefunguka. "Siandiki hilo, nina watoto kama wewe. Njoo Ijumaa na yenye tarehe."

Mke alirudi nyumbani na barua kifuani. Njiani iliungua hadi ikaacha alama kwenye ngozi yake. Alimweleza mama mkwe habari ya tarehe akisubiri lawama. Mama mkwe alikata uzi kwa meno. "Ungemwacha aungue ili karatasi ibaki nzuri? Mimi ningefanya vile vile," alisema. Kisha, baada ya vifungo viwili, akasema, "Mpaka Ijumaa lakini."

Barua ya saba ilifika Ijumaa ndani ya ndoo. Mleta barua alikuwa mwanamke wa makamo, ambaye mnyororo wa baiskeli yake ulikuwa ukitengenezwa na kijana tangu akiwa mwanafunzi wa ufundi. Alikuwa ameitia barua kwenye ndoo ya bati kwa sababu mfuko wake ulikuwa umeanza kutoa moshi.

"Ana joto baya," alisema. "Nimekanyaga baiskeli bila kusimama popote, hata kwa dada yangu sikupita."

Nesi alipima arobaini na nusu. Barua haikukohoa tena, haikuwa na nguvu hiyo. Ilisema ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwenu tu, na kwamba jana walikuwa na mashindano ya mbio, naye akawa wa pili.

Safari hii mke hakuigusa kwa maji. Aliitandaza juu ya meza ya pasi, akazitoa nyingine zote kwenye bati akazipanga safu moja, ya kwanza hadi ya saba, akawasha taa na kuinama. Hakuwa na hakika anatafuta nini. Alizitazama kama alivyotazama mashuka kazini.

Pembe ya chini, upande wa kulia, barua ya kwanza ilikuwa na doa la duara, rangi ya chai, mahali mtu alipoweka kikombe. Siku zote alilijua, alikuwa akilipenda hata. Sasa aliona kwamba barua ya pili ilikuwa nalo pia, mahali pale pale, jepesi zaidi. Ya tatu nalo, jepesi tena. Ya sita ilibakiwa na nusu duara ya hudhurungi ambayo mtu mwingine asingeiona. Ya saba ilikuwa na kivuli tu.

Katika chumba cha kufulia, jambo la kwanza unalofundishwa ni hilo. Doa likishuka ndani ya rundo, shuka la juu hulibeba zaidi na la chini hulibeba kidogo, na ukiyakuta hivyo unajua yalikuwa pamoja, yamelaliana, wakati kitu kilipomwagika. Alitoa kalamu ya mtoto akapima maduara. Yalikuwa duara moja.

"Mama," alimwita mama mkwe. "Ziliandikwa zote siku moja."

Mama mkwe alikuja, akapitisha kidole juu ya madoa saba. "Siku gani?"

"Ya kwanza. Alipofika. Kabla hajala chakula chao hata mara moja."

Barua ya saba ilivuta pumzi, ikakwama, ikavuta tena.

"Ndiyo maana soksi hazijibiwi," alisema mama mkwe. "Mwanangu hajasema uongo. Wamemsemesha. Wamemwapisha, wakamkalisha, wakamsemesha."

Karatasi hawakuiapisha. Hawakufikiri kwamba kuna haja.

Jumamosi na Jumapili ofisi ilifungwa. Mke alizitumia siku hizo kuandika barua rasmi. Aliandika anwani yake juu kulia, akaruka mstari, akaandika anwani yao kushoto, akaruka mstari. Yah: Ombi la Mgonjwa Kupelekwa Hospitali. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Alieleza joto kwa tarakimu na pumzi kwa dakika, kama nesi alivyompa. Alieleza doa. Aliandika, "Naomba na kusisitiza," akalifuta neno "naomba", akalirudisha. Alimalizia kwa "Wako mtiifu," kama mwalimu alivyofundisha, na kalamu ilipotoboa karatasi kwenye neno hilo, alianza upya kwenye karatasi nyingine. Alikuwa na imani. Aliamini kwamba jambo likiandikwa vizuri, kwa mpangilio wake, na mtu mzima akalisoma, haliwezi kukataliwa.

Jumatatu Bwana Muhuri aliisoma yote. Alisoma pole pole, akigusa mistari kwa kidole.

"Umeandika vizuri sana," alisema. "Umesoma wapi?"

"Masomo ya jioni, mzee."

"Hongera. Vijana wetu wote wangeandika hivi, kazi ingekuwa nyepesi." Akavua miwani. "Ni kweli, wanaandika siku ya kwanza. Hamsini na mbili, za mwaka mzima, za kambini na za mstari wa mbele. Wanakaa ukumbini humo nyuma, wanapewa chai, wanaandika. Vitani hakuna nafasi ya barua, mama, na familia zikikosa barua zinasumbuka. Ni utaratibu wa huruma."

Alisimama akavuta pazia lililokuwa nyuma yake. Rafu zilifika darini. Kila rafu ilikuwa na mafungu ya barua yaliyofungwa kwa utepe, kila fungu na namba yake. Mengine yalikohoa. Mengine yalilia kwa chini chini. Fungu moja la rafu ya juu lilikuwa likigonga ubao mara kwa mara, kwa mpigo mmoja, na karani wa dirisha la nne alikuwa ameliwekea kitambaa chini lisipige kelele. Bwana Muhuri alitoa fungu la mume wake kwa kutumia koleo la moto. Utepe ulikuwa umeanza kuwa mweusi.

"Si unaona," alisema mke. "Si unaona, mzee! Yuko hai hivi sasa. Piga simu. Waambie wampe sindano. Simu si hiyo hapo?"

Simu ilikuwa hapo, nyeusi, imefutwa vumbi.

"Hii ni ya kupokea tu," alisema Bwana Muhuri.

Aligonga muhuri kwenye barua yake: IMEPOKELEWA. Akamwambia majibu hutoka ndani ya siku ishirini na moja za kazi. Mke alikaa kwenye benchi hadi walipofunga, akilitazama lile pazia. Ilipofika saa tisa alasiri, joto la rafu lilikuwa linafika hadi kwenye magoti yake.

Jumanne mchana mama mkwe alikuwa akishona, barua ya saba ikiwa kwenye mto mdogo pembeni mwa cherehani. Chiriku alikuwa chini akiisimulia habari za paka wa kinyozi. Saa tisa na robo barua ilivuta pumzi, ikaiachia yote, haikuvuta nyingine. Mama mkwe alisubiri. Alivua kastabini kwenye kidole, akaiweka juu ya cherehani. Alipoigusa karatasi, ilikuwa bado ina vuguvugu. Nesi alipofika mbio, haikuwa nalo. Aliweka kioo juu ya aya ya kwanza, ya pili, na kwenye sahihi, halafu akaandika saa kwenye kiganja chake, kwa mazoea ya kazi.

Mke, aliyechelewa kazini akifidia saa za Jumatatu, alikuta mlango uko wazi na viatu vingi nje. Alijua kabla hajaingia.

Majirani walikaa mpaka jioni. Kinyozi alikuja na viti vyake viwili vya kunyolea. Watu walikuwa ndio kwanza wamemiminiwa chai, mjumbe wa mtaa akaingia, akavua kofia, akasema anasikitika, lakini aliulizia cheti.

"Cheti cha nini?" mama mkwe aliuliza.

"Cha kifo, bibi. Msiba bila cheti unahesabika mkusanyiko, na mikusanyiko imekatazwa kwa ajili ya vita. Halafu kumlilia mwanajeshi aliye hai kunavunja moyo wa wenzake."

"Aliye hai wapi?"

Mjumbe hakujua wapi. Alisimama mlangoni hadi watu walipoanza kuondoka mmoja mmoja, kila mmoja akimshika mama mkwe mkono na kusema chini chini neno ambalo lingepaswa kusemwa kwa sauti. Kinyozi alibeba viti vyake. Vikombe vilibaki mezani vikiwa vimejaa. Mama mkwe aliingia nyuma ya pazia, akalala akielekea ukuta, na siku zilizofuata hakuinuka. Vifungo vya sare vilibaki kwenye sahani.

Ijumaa, mleta barua alibisha hodi akiwa amevaa glavu.

"Mdogo wangu," alisema. "Hii imekuja ya baridi. Pole."

Mke aliipokea kwa mikono mitupu. Ubaridi wake haukuwa wa maji wala wa asubuhi. Aliufahamu kutoka hospitali, kwenye yale mashuka ambayo hushushwa na lifti ya nyuma, ambayo huwa hayaulizwi. Aliisoma akiwa amesimama.

"Ama baada ya salamu, mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwenu tu."

Hakulia. Alimvisha Chiriku viatu, maana hapakuwa na mtu wa kumwachia, akafunga kitambaa kichwani, akakifunga tena kwa nguvu zaidi. Chiriku hakuuliza wanakwenda wapi. Tangu Jumanne hakuwa amesema neno. Hata habari za paka hakumsimulia mtu.

Foleni ilifika barabarani. Walikuwa wanawake zaidi, na kila mmoja alikuwa na chake mkononi: taulo, kikapu, ndoo. Fundi mwashi alikuwa amebeba barua ya mwanawe kwenye ubao, kifudifudi, ili mgongo usiguswe. Watu walisogea hatua moja, wakasimama, wakasogea. Kutoka ukumbi wa nyuma ilisikika mikwaruzo ya kalamu nyingi. Kundi jipya lilikuwa limefika asubuhi. Mlango ulikuwa nusu wazi, na mke aliwaona, safu kwa safu, vichwa vimenyolewa upya, kila mmoja na kikombe cha chai kando ya rundo lake la karatasi. Mtoto wa pili wa kinyozi alikuwa miongoni mwao. Alimwona mke, akainua kalamu kumsalimia, akarudi kuinama.

"Mkuu," kijana mmoja aliuliza, "ya thelathini nikisema nimejeruhiwa kidogo tu, mguuni?"

"Hakuna anayejeruhiwa," sauti ilimjibu. "Endelea. Ya thelathini mmesonga mbele."

Kwenye dirisha la tatu, fungu la mume wake lilikuwa limetolewa kwenye rafu. Lilikuwa juu ya dawati la Bwana Muhuri, na juu yake kulikuwa na chupa mbili za soda, ya kwake na ya mwenzake wa dirisha la nne. Chupa zilitoa jasho.

"Utanisamehe, mama," alisema alipoona anakotazama. "Friji yetu imekufa tangu wiki jana. Na fungu la mumeo lina baridi nzuri."

Mke alizishika chupa shingoni, akaziweka chini sakafuni, moja, kisha nyingine. Akaiweka barua ya nane mbele yake. Hakusema shikamoo. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kumkabili mtu wa umri ule bila shikamoo.

"Nataka mwili wake."

"Mwili wa nani?"

"Wa mume wangu. Amekufa Jumanne, saa tisa na robo. Jumatatu alikuwa hai. Nilikuwa nimekaa pale kwenye benchi naye alikuwa hai, na wewe ulikuwa na simu."

"Nani kakwambia amekufa?"

"Barua ya saba."

Bwana Muhuri alifungua faili, akatafuta nakala, akaipata. "Barua ya saba inasema amekuwa wa pili kwenye mbio." Akafungua utepe, akapekua fungu kwa ncha za vidole, akivipuliza vipate joto. "Mama, nisikilize. Mwanajeshi mwenye barua zilizobaki yuko kazini. Wa kwako amebakiwa na arobaini na nne. Tazama hii ya Machi, amepandishwa cheo. Hii hapa tumeshinda vita. Siwezi kutoa cheti cha kifo kwa mtu aliyeshinda vita. Wataniuliza. Zikiisha, njoo tuzungumze."

"Nipe basi zote leo."

"Sheria ni moja kwa wiki."

"Mmemuua," mke alisema. Sauti yake haikupanda. "Hakufa vitani. Amekufa kwenye sakafu yenu, na buti zenu, na mkimbio wenu, kwa ugonjwa unaotibiwa kwa sindano. Nilikuandikia kwa mpangilio wake wote. Ukaniambia nimeandika vizuri."

"Na uliandika vizuri," alisema Bwana Muhuri, na alimaanisha. Alichukua muhuri akagonga barua ya nane: IMEFIKA. Akamrudishia. Nyuma, foleni ilisogea hatua moja, maana ilikuwa imeona muhuri. Hakuna aliyeshangaa. Mwanamke aliyefuata alishaanza kufunua ndoo yake.

Karani alifunga utepe upya, akainama kwa shida akaziokota chupa, akazirudisha juu ya fungu. Ndipo alipomwona mtoto, macho yake yakiwa sawa na ukingo wa dirisha. Alimwonea huruma. Alikuwa na mjukuu wa kimo hicho. Alisogeza uso karibu na kioo, akatabasamu.

"Na wewe, bibie? Baba akirudi na medali yake, utamwambia nini?"

Chiriku alimtazama. Akashika ukingo wa dirisha kwa mikono yote miwili, akasema kwa sauti iliyofika hadi ukumbini:

"Baba yangu amekufa, na wewe unajua."